Anwani Aliyoiomba Bahgat

Jumatatu saa nne asubuhi Nermin aliigonga anwani ile kwenye kompyuta yake kabla hajaandika hata herufi moja ya programu yake, kwa mazoea tu, ili mtambo umjibu kwamba hakuna kitu kama hicho. Mtambo ukajibu: "Shwari."

Akaigonga tena. "Shwari." Halafu harufu ya chai ya yansuni ya moto ikatanda mezani pake. Katika ofisi nzima aliyekuwa akinywa yansuni ni Bahgat peke yake, na Bahgat walimzika pale pale Aleksandria wiki sita zilizopita.

Miaka miwili mizima Bahgat aliomba kitu kidogo kuliko vyote: anwani moja ambayo ukiiuliza, mtambo wa kupokea maombi ya magari ya wagonjwa useme kama u hai au umekufa. Kazi ya mchana mmoja! Wagdi, meneja wao, kila mara alimwambia asubiri. Kisha adhuhuri moja mtambo ukafa kimya kimya, na hakuna aliyejua. Siku hiyo Bahgat alikuwa nyumbani, amepewa likizo. Kifua kikambana, akaomba gari kwa simu yake, akasubiri dakika arobaini na moja mpaka roho ikamtoka. Ndipo Wagdi, mtu asiye na haya, akasema kazi ile ni ya haraka, akampa Nermin.

Nermin alimwita aje aone.

"Si inajibu? Iache hivyo hivyo," alisema Wagdi. "Mkaguzi anakuja Alhamisi. Akiuliza, aambiwe shwari."

"Bosi, sijaiandika! Na hapa nimezima hifadhidata ya majaribio, bado inasema shwari. Unataka afe nani tena?"

"Nermin, usinipandishe presha."

Nyuma yao kijiko kikagonga kikombe mara tatu. Hapakuwa na kikombe.

Mama Sabah, mfanya usafi, ambaye kwao kupunga mashetani ni kazi ya ukoo, akaweka ndoo chini. "Huyu hafukuzwi kwa kelele," alinong'ona. "Anaulizwa anataka nini. Muulize, mwanangu."

Nermin akaketi akaandika ukaguzi wa kweli, unaogonga hifadhidata, unaogonga laini za simu, unaouliza kila gari kama linasikia, na kadiri alivyoandika ndivyo kijiko kilivyozidi kugonga, mara kisogoni kwake, mara chini ya meza, na ile harufu ya yansuni ikageuka harufu ya birika lililokauka likaungua motoni, na Wagdi, aliyekuwa akirudia "upuuzi, upuuzi," akarudi kinyumenyume hadi mgongo ukagusa ukuta. Nermin, kwa hasira, akaigonga anwani.

"Hifadhidata: hai. Simu: hai. Magari: hai. Bahgat: nasubiri."

"Ufute huo mstari," alisema Wagdi kwa sauti ndogo.

"Ufute mwenyewe."

Wagdi aliufuta mara tisa kwa mkono wake. Kila mara ulirudi.

Alhamisi mkaguzi alifika na miwani yake puani, akaigonga anwani, akasoma taratibu mpaka chini. Kijiko, ambacho hakikunyamaza tangu Jumatatu, kikanyamaza.

"Mengine nimeelewa," alisema mkaguzi. "Huyu Bahgat ni nani, na anasubiri nini?"

Nermin akamgeukia Wagdi. Mama Sabah akamgeukia Wagdi. Na kiti cha Bahgat, kilichokuwa kitupu kando ya dirisha, nacho kikageuka polepole, kikamwelekea.