Kitambaa cha Furushi la Tatu

Siku ya gulio, Biharamulo ilifurika watu, na Kwandu alikuwa ameshaweka mkono kwenye sweta la kijani la mtumba pale mkono mwingine ulipolidaka upande wa pili.

"Dada, hili la kiume."

"Limeandikwa wapi?"

"Ona mabega yake."

"Hata mimi mabega ninayo, kaka. Nafua shuka za hospitali nzima."

Kijana akacheka. Kumbe naye alikuwa wa hospitali hiyohiyo, muuguzi wa wodi ya wanaume, Ndikuriyo wa Kibimba, shati limepigwa pasi mpaka mikononi. Sweta alimwachia. Namba ya simu hakuacha kuiomba mpaka akapewa, na mvua zilipoanza, Kwandu, binti wa kijiji cha Kaniha aliyekuwa haambiwi lolote kuhusu wanaume, alikuwa anaitwa kipenzi na anaitika.

Sasa nikueleze habari ya chumba cha kufulia. Pale ukutani, kwenye msumari, zilining'inia glovu za manjano za Rozina, aliyefua kabla ya Kwandu. Rozina alichomwa na sindano iliyosahaulika ndani ya shuka, akanyamaza kazini, akamwambia mama yake tu. Alipougua na kufa, mama yake alikwenda kuulizia fidia, akajibiwa kwamba hakuna karatasi inayoonyesha binti yake aliumia kazini. Tangu hapo kila muuguzi alilifunga furushi lake la shuka kwa kitambaa chenye jina lake, na mfuaji akavitundika vitambaa kwenye waya. Glovu hakuna aliyethubutu kuzitoa. Wenzake Kwandu walisema asubuhi nyingine hukutwa zimelowa na hakuna aliyezivaa. Kwandu aliwaona waongo.

Jumatatu asubuhi, akikung'uta shuka, kitu kilimchoma kidole gumba. Sindano, na damu ya mtu ndani yake. Akageuza kitambaa cha furushi, akasoma: Ndikuriyo.

Utaratibu aliujua. Unaosha, unatoa taarifa, unaanza dawa za kinga ya Ukimwi kabla ya saa sabini na mbili kwisha. Lakini taarifa ingetaka jina la aliyefunga, na mkataba wa Ndikuriyo ulibakiza miezi miwili. Akakisokota kile kitambaa, akakificha kifuani. Alipoinua macho, glovu za Rozina zilikuwa zinachuruzika maji.

Jumanne jioni simu iliita.

"Kipenzi, mbona sauti imepoa?"

"Nimechoka, Ndiku."

"Jana pia ulichoka. Kama kuna mwingine niambie, nisiendelee kujidanganya."

Kwandu akakata simu, akalia huku ameng'ata kanga. Afadhali anichukie kuliko akose kazi, alijisemea. Upuuzi mtupu, ukiniuliza mimi, lakini ndivyo alivyompenda.

Jumatano alasiri Ndikuriyo aliingia chumba cha kufulia amenuna, tayari kwa ugomvi. Aliona plasta kwenye gumba, kisha akautazama waya.

"Jumatatu nilileta mafurushi matatu," alisema taratibu. "Vitambaa vyangu naona viwili."

Kwandu akajifanya anakunja shuka.

"Cha tatu kiko wapi?"

"Kimepotea."

"Lete mkono."

Hakuuleta. Ndikuriyo aliufuata mwenyewe, akabandua plasta, akaona tundu la sindano. Akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Ni mimi," alisema. "Mgonjwa alizidiwa, nikafunga harakaharaka. Na wewe umekaa na hiki siku tatu?"

"Watakufukuza."

"Wakinifukuza nitalima maharage Kibimba. Ukifa wewe nitafanya nini?"

Kwandu aliutazama msumari. "Labda Rozina naye alikuwa anamficha mtu," alisema kwa sauti ndogo. "Namwogopa bure, kumbe nafanya alichofanya yeye."

Wakavuka uwanja wa hospitali wameshikana mikono, mbele za watu.

Sista Felisita, mama wa makamo aliyetunza daftari la ajali, alipoambiwa Jumatatu saa mbili asubuhi, alitazama saa ya ukutani kabla hata ya kuitikia shikamoo zao.

"Yamebaki masaa kumi na sita. Toa damu, umeze hizi. Kugombana baadaye." Akafungua fomu. "Nani alifunga furushi?"

"Mimi, Sista," Ndikuriyo alijibu kabla Kwandu hajavuta pumzi.

Sista akaandika. "Wa kuarifiwa likitokea lolote?"

"Huyu," Kwandu alisema.

"Uhusiano?"

Ndikuriyo akamnong'oneza Kwandu, "Nilitaka nikuulize Krismasi, nikiwa na pete. Sasa pete sina, na pengine kazi sina."

Kwandu akatoa kitambaa kifuani, kimelowa jasho, jina bado linasomeka, akakiweka mezani.

"Andika mchumba, Sista."

Kila jioni kwa siku ishirini na nane Ndikuriyo aliuliza, "Umemeza?" Mkataba ulipoisha hawakuuongeza, akarudi Kibimba. Miezi mitatu tangu achomwe ilipotimia, Kwandu alimpigia.

"Mkulima wangu."

"Sema."

"Kipimo cha mwisho ni safi."

Kwandu alimsikia analia, akamwacha alie, naye akalia.

Kisha akarudi kazini akaenda kuzigusa glovu, akitumaini zimekauka. Zilikuwa zimelowa. Akazitoa kwenye msumari na kuzipeleka kwa Sista Felisita, maji yakidondoka njia nzima.

"Fungua daftari tena, Sista. Andika Rozina, chumba cha kufulia, sindano. Tarehe tutamuuliza mama yake."