Mnyororo wa Mheshimiwa

Kila jioni, kabla ya kula, Flavia alimwosha Mheshimiwa.

Mheshimiwa hakuwa mtu, alikuwa pikipiki. Miaka ile ya ujamaa, kijijini Mbuji kila mtu aliitwa Ndugu: mwenyekiti Ndugu, mwalimu mkuu Ndugu, hata karani mkali wa chama cha ushirika naye Ndugu. Aliyebaki kuhudumiwa kama bwana mkubwa wa zamani ni pikipiki peke yake, ndiyo maana watoto wakaipa jina hilo.

Ilikuwa mali ya Ndugu Mwinjuma, ambaye kwa kazi yake aliitwa Bwana Afya, mtu wa Rufiji aliyeletwa na serikali kuhimiza watu wachimbe vyoo na kuchemsha maji ya kunywa. Alipanga chumba nyumbani kwa kina Flavia. Pikipiki aliinunua kwa daktari Mzungu aliyekuwa akirudi kwao. Ilikuwa na kioo cha kukinga upepo na masanduku mawili ya mizigo, nayo ilitengenezwa kwa safari ndefu za barabara za lami. Mbuji haikuwa na lami hata ya kupaka kidole. Ilikuwa na tope, mawe na vilima, na Mheshimiwa alipokwama, nusu ya kijiji iliacha majembe ikaenda kumsukuma.

Flavia alikuwa darasa la sita. Kazi yake ilikuwa kukwangua tope na kupaka mnyororo oili. Aliikubali kwa moyo wote, kwa sababu Bwana Afya alimwahidi kwamba Jumamosi moja atampakia mpaka Liuli akalione Ziwa Nyasa. Tangu azaliwe alikuwa ameliona kwa mbali tu kutoka mlimani.

Lakini kazi ilikuwa nyingi. Asubuhi maji ya kisimani, kisha shule, kisha shamba la shule, ambako walikata majani na kuyafukia kwa udongo kutengeneza ngolo, yale mashimo ya kulimia ya Wamatengo. Jioni moja alirudi mabega yakimuuma, akainama kwa Mheshimiwa, na kwa uchovu akalipiga teke kopo la oili. Oili yote ikanywewa na ardhi.

Alikaa chini akalitazama kopo. Kesho Bwana Afya alikuwa na safari ya Liuli. Kusema kulitaka maelezo, na Flavia hakuwa na nguvu hata ya kuvua viatu. Basi akaingia jikoni, akachota mafuta kwenye chungu cha mama, akaupaka mnyororo mpaka ukang'aa.

Yalikuwa mafuta ya nguruwe.

Flavia alijua. Nyumba yao ilikuwa ya Wakatoliki, na nguruwe walifugwa nyuma ya nyumba. Ndugu Mwinjuma alikuwa Mwislamu, na tangu ahamie, mama yake Flavia, Mama Emerensiana, alimpikia kwa sufuria na mwiko vya mgeni huyo tu, vikatundikwa kwenye ukuta wa peke yake. Hakuna mwingine aliyethubutu kuvigusa. Flavia alijisemea kwamba mnyororo hauliwi, akaenda kulala.

Asubuhi mbwa watatu walimzunguka Mheshimiwa wakinusa kwa heshima kubwa.

"Leo hata mbwa wanamwamkia!" alicheka Bwana Afya, akawafukuza. Flavia hakucheka. Alifungua mdomo, akaufunga, na pikipiki ikaondoka ikinguruma.

Siku nzima shuleni alitega sikio kusikia mngurumo wa pikipiki ikirudi. Wenzake akina Gertruda walimwita kucheza rede, ule mchezo wa kukwepa mpira, akakataa.

Jua lilipokuwa likizama, Bwana Afya alitokea njiani akiisukuma pikipiki kwa mikono, amelowa jasho, mavumbi mpaka kwenye kope.

"Shikamoo, Bwana Afya."

"Marahaba, mwanangu. Huyu Mheshimiwa wenu ataniua. Mnyororo umeshika mchanga wote wa njiani, mlima mzima ukawa unachomoka. Kila nikiurudisha unachomoka tena. Sijui oili ya siku hizi ina nini."

Mikono yake ilikuwa imejaa mafuta mpaka kwenye viwiko. Aliketi kwenye gogo, akavua viatu polepole kama mgonjwa. "Niletee maji nitawadhe. Magharibi inanipita."

Flavia alileta birika. Bwana Afya akakinga viganja. Flavia aliviona viganja hivyo vikimeta, na mkono wake ukagoma kuinamisha birika. Angemimina tu, ingekwisha. Hakuna ambaye angejua. Na ile Jumamosi aliyoahidiwa angeliona ziwa.

"Mimina, mwanangu."

"Usiswali kwanza, Bwana Afya." "Hiyo si oili. Ni mafuta ya nguruwe. Nilimwaga oili, nikapaka hayo."

Bwana Afya alibaki amekinga mikono, kana kwamba amesahau ni ya nani. Mama Emerensiana alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Flavia! Mwaka mzima naitunza sufuria ya watu, wewe unanifanyia haya?"

"Mwache kwanza, Mama Flavia," alisema Bwana Afya. Akamgeukia Flavia. "Ulijua tangu jana?"

"Ndiyo."

"Mbona asubuhi hukuniambia?"

Flavia akaanza kulia. "Jana nilikuwa nimechoka. Leo asubuhi niliogopa. Nilitaka kuliona ziwa."

Bwana Afya aliinuka kwa shida. Alichota udongo safi, akasugua mikono, akasuuza, akarudia tena na tena, Flavia akimmiminia huku machozi yakimtoka. Kisha akabadili nguo, akaswali. Aliporudi hakuingia ndani kupumzika. Aliomba mafuta ya taa na tambara kuukuu, wakachuchumaa wote watatu kuusafisha mnyororo.

"Flavia," alisema Bwana Afya. "Mikono yangu imetakata kwa udongo na maji. Ungenyamaza, nisingejua, na kosa la kutojua Mungu hulisamehe. Lakini wewe ungejua. Kila ukiniletea birika ungejua, na kwa hilo hakuna sabuni. Umefanya vyema kusema, ingawa umechelewa."

"Naomba radhi, Bwana Afya."

"Nimekusamehe. Sasa sikia jingine. Kuchoka si kosa. Kosa ni kuchoka ukaficha, ukafanya kazi ya uongo. Mtu akichoka aseme, mwenziwe apokee. Na mimi nina langu: mtoto ametoka shambani, namtwisha mzigo wa mtu mzima kisha namwita hodari. Kuanzia leo mnyororo ni kazi yangu. Wewe utanifutia kioo tu."

Mama Emerensiana alichekea puani. "Kama hana mtumishi, basi huyo si Mheshimiwa tena."

"Amevuliwa cheo," alisema Bwana Afya, akakipiga kofi kiti cha pikipiki. "Ni Ndugu kama sisi."

Flavia alifuta pua kwa mkono wenye uchafu wa mnyororo. Hakuthubutu kuuliza habari ya Jumamosi, akainama kuendelea kusugua.

"Liuli tutakwenda," Bwana Afya alisema bila kumtazama. "Lakini Ndugu akigoma mlimani, utashuka tusukume wote."