Tusi la Kisimani

Kila asubuhi kabla ya kengele, wanafunzi wa darasa la tano waliteka maji kisimani na kumwagilia bustani ya mchicha ya shule yao, nje kidogo ya mji wa Mtwara. Somoe na Felismina walibeba debe moja kwa mti, mmoja mbele, mwingine nyuma, wakipiga soga hadi matutani.

Felismina na mama yake walivuka Mto Ruvuma wakikimbia vita vya Msumbiji. Baba yake alibaki kupigana, na habari zake hazikusikika tena. Mama huyo, Deolinda, alikuwa na chale usoni na ndonya, kipande cha mti kilichopenyezwa kwenye mdomo wa juu, kama walivyojipamba wanawake wa kwao. Siku alipofika shuleni kumwona mwalimu, watoto walimcheka. Tangu hapo Mwanahawa, ambaye kila msichana alitaka urafiki naye, akawa anamwita Felismina "Mmawia", jina la dharau walilotupiwa watu wa ng'ambo ya mto.

Asubuhi moja Mwanahawa aliwazibia njia.

"We Somoe, unabeba debe na Mmawia? Au nawe umekuwa Mmawia? Njoo tukuchonge meno kama wao!"

Wenzake wakaangua kicheko.

"Kama u mwenzetu, mwite hivyo tusikie," Mwanahawa aliongeza.

Masikio yalimwaka moto Somoe. Akaachia mti. "Mmawia!" alisema, na walipompigia makofi akapaza sauti: "Mmawia, rudi kwenu!"

Debe lilianguka, maji yakamrukia Felismina miguuni. Hakulia. Alimtazama Somoe, akageuka, akaenda zake. Kesho yake hakuja shuleni, wala siku iliyofuata. Mwalimu wao, Mwalimu Elia, aliwaambia kwamba mama yake amemwachisha masomo.

Somoe alishindwa kula. Jioni, akibangua korosho na baba yake, alimweleza yote.

"Lakini ulikuwa utani tu, Baba."

Baba aliweka nyundo chini. "Babu yako alipofariki, watani wetu walimcheka hata maiti, lakini ndio waliochimba kaburi. Mtani akikutukana nawe humrudishia, mkacheka nyote. Felismina alicheka?"

"Hapana."

"Angeweza kukurudishia, peke yake mbele ya kundi lile?"

"Hapana, Baba."

"Basi usilivike tusi kanzu ya utani. Inuka twende."

Walimkuta Mama Deolinda uani kwake, kijijini Mtawanya, akimenya muhogo. Somoe alipiga magoti, akaomba radhi huku machozi yakimtoka. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Asante, baba Somoe, kwa kumleta mtoto," alisema. "Lakini tusi hakulitupa hapa. Alilitupa kisimani, watu wakasikia. Akalifute hukohuko. Asipolifuta, mwanangu atalima na mimi."

Asubuhi Somoe alisimama kisimani mbele ya wenzake.

"Nilimtukana Felismina hapahapa," alisema. "Hakunikosea kitu. Niliogopa msije mkanicheka. Jina lile silitamki tena, na atakayemwita hivyo, ajue amenitukana na mimi."

"Haya, Mmawia mpya huyo!" Mwanahawa alidakia.

Wawili watatu walicheka.

"Nicheke utakavyo," Somoe alijibu. "Felismina ni mwenzangu."

Kicheko kikafa. Rozalia, aliyezoea kusimama nyuma ya Mwanahawa, alitua ndoo yake. "Hata mimi nilipiga makofi siku ile," alisema. "Nilikosa." Mwanahawa alibaki ameshika kamba ya kisima, macho chini.

Habari hiyo ilifika Mtawanya mchana huohuo, na Jumatatu Felismina alirudi. Alikaa dawati lilelile na Somoe, lakini hakumsemesha mpaka saa ya mapumziko, na hata hapo alisema maneno machache tu. Somoe hakunung'unika. Alijua jeraha lile ni yeye aliyelitia.

Baada ya mapumziko Mwalimu Elia alisimama mbele ya darasa. "Somoe na Rozalia wamekiri. Ninyi wengine nimewauliza ni nani alimtukana mwenzenu, mkanijibu, 'Tulisema sote.' Wanangu, kundi halina ulimi. Kila ulimi umo kinywani mwa mwenyewe, na mwenyewe ndiye atakayeulizwa. Watu hawa walikuja kwetu wakikimbia risasi. Ni aibu kubwa wakute kwetu maneno yanayochoma kama risasi zilezile. Anayejua alichokisema, akiseme sasa kuwa ni kosa lake."

Dawati la nyuma likakwaruza sakafu, na Mwanahawa akasimama.