Fungu la Mswagaji

Asubuhi ile haikuwa na ubaya wowote. Msimu wa kulungu ulikuwa unafunguliwa, theluji ya kwanza imelala juu ya mapaa, shule imefungwa kwa sababu hata walimu wako porini, na jirani yetu Reino Harju alikuwa jikoni akimfunga binti yake Aili vifungo vya koti la rangi ya chungwa, lile wanalovaa wawindaji ili waonekane. Aili ana miaka kumi na minne. Vifungo anavijua tangu yuko chekechea. Alimwachia tu baba yake afanye, maana aliona ana wasiwasi kuliko yeye.

Mama yake, Sirkka, alitoa pasti za nyama na viazi kwenye oveni, akazifunga kwenye kitambaa zikiwa bado zinafuka moshi, akamkabidhi mumewe.

"Nakupa mtoto mzima, Reino. Unirudishie huyuhuyu."

"Tunakwenda kuwinda, mama Aili, hatwendi vitani."

"Nimeshasema."

Reino alicheka, lakini maneno yale yalimkaa kifuani. Katika misitu ile kila mtu anajua nyumba fulani ambayo kijana wake alifyatua risasi kwa papara akamwangusha ndugu yake. Kwa hiyo mwaka mzima alikuwa amemfundisha Aili sheria moja tu: usivute kifyatulio mpaka umekijua unachokilenga kwa macho yako yote mawili. Kulungu apatikane, asipatikane, yeye hakujali. Alichotaka ni binti yake arudi nyumbani na mikono misafi.

Kwenye kambi yao ya uwindaji waliwakuta watu wawili. Mmoja ni Onni, mdogo wake Reino, mtu wa maneno mengi kama redio iliyovunjika kitufe cha kuzimia. Wa pili ni Kalle, kaka yake Sirkka, mpole, fundi wa kisu kuliko wote pande zile. Wengine walikuwa wamelala na mafua. Hapo ndipo palipokuwa na tatizo, kwa sababu nyuma ya kambi kuna kinamasi kikubwa cha mierezi, na kulungu wa humo hawatoki mpaka waswagwe. Watu hujipanga mstari, hupita kati ya miti wakipiga kelele, na wenye bunduki huwasubiri wanyama upande wa pili.

"Mswagaji mmoja?" Kalle aliuliza. "Onni, peke yako humo utaswaga nini, sungura?"

"Shemeji, mimi nikianza kupiga kelele hata dada yako atatoka mbio huko nyumbani."

"Dada yangu ameshakuzoea. Kulungu ndio sijui."

Aili alivunjika mbavu kwa kucheka. Onni akaona amepata watazamaji, akasogea ukingoni mwa kinamasi, akaweka viganja mdomoni.

"Haya, nyie mlio humo ndani!" alipaza sauti. "Kama kuna mtu na aje anisaidie kuswaga! Nyama tutagawana!"

Theluji ikadondoka kutoka tawini. Kalle peke yake ndiye ambaye hakucheka.

"Humo huwa hatuiti mtu," alisema taratibu, kisha akachukua bunduki yake akaondoka.

Reino na Aili walijibanza nyuma ya gogo, Kalle akakaa upande wao wa kushoto, mbali kidogo, mahali ambapo mtu akiita anasikika. Haikuchukua muda wakaisikia sauti ya Onni ikija kutoka upande wa kulia wa kinamasi. Hoo! Hoo! Fimbo inagonga miti. Hoo!

Kisha ikaja nyingine, upande wa kushoto, kabla Onni hajaita tena. Ilikuwa sauti ya mzee, kavu, isiyo na haraka.

"Baba, ni nani yule?" Aili alinong'ona.

"Mwangwi."

Lakini mwangwi haumtangulii mwenye sauti. Reino alijua hivyo, na Aili pia alijua, ila kulungu walishaanza kutoka, wengi kuliko walivyowahi kuonekana kwa msimu mzima. Bunduki ya Kalle ililia, jike moja nene likapiga magoti. Aili alikuwa amelenga dume dogo, akaona koti la chungwa la Onni likichomoza nyuma yake kati ya miti, akashusha bunduki bila kuambiwa. Reino alitamani kumkumbatia palepale.

Walimpasua yule jike kwenye theluji, matumbo wakayaacha hapohapo, mzoga wakauburuta hadi kambini na kuuning'iniza kwenye mti wa kutundikia. Walipokaa kula, Kalle alisimama na kisu chake.

"Namkatia mguu yule mzee," alisema. "Niuweke pale kwenye kisiki, ukingoni."

Ndivyo wanavyofanya watu wa kule. Aliyesaidia kuswaga ana fungu lake, hata awe mpita njia asiyejulikana jina, na hakuna anayebishana juu ya hilo.

"Mzee gani?" Onni aliuliza huku mdomo umejaa pasti.

"Wewe ndiye uliyemwita. Umemsikia kama tulivyomsikia."

"Nimesikia upepo, shemeji. Mguu mzima wa kuulisha upepo?" Onni akaugeukia msitu. "Mzee! Fungu lako ni matumbo! Yako kule kwenye theluji, nenda ukayaokote!"

Reino alipaswa kusema neno. Alikuwa kaka mkubwa, na neno lake Onni angelisikia. Lakini mtoto alikuwa pale, na hakutaka kumtia hofu siku yake ya kwanza, kwa hiyo akamimina kahawa. Kalle alirudisha kisu kwenye ala.

Walipokuwa wanarudi kwenye nafasi zao kwa mswago wa pili, walipita pale walipompasulia jike. Kunguru walikuwa wamejaa juu ya miti. Kwa kawaida kunguru wa kule hawaachi utumbo upoe. Siku hiyo walikaa wima, kimya, wakiyatazama matumbo, na hakuna aliyeshuka.

"Wameshiba," Reino alimwambia binti yake.

Aili aligeuka nyuma kuwatazama tena.

Mswago wa pili ulianza vizuri. Onni alikuwa mbali. Hoo! Hoo! Fimbo, miti, kicheko chake kikubwa.

Kisha ikaja ile sauti kavu. Safari hii haikuwa ubavuni mwa Onni. Ilikuwa nyuma yake.

Hoo.

Onni akanyamaza.

Hoo. Hoo.

Walimsikia anakimbia. Matawi yalivunjika. Alikuwa anapumua kwa mkoromo, hasemi neno, yeye ambaye hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Ile sauti ilimfuata, bila haraka, ikimsukuma upande huu kisha upande ule, kama mchungaji mzoefu.

Aili aliinua bunduki.

"Dume, baba. Kubwa."

Reino akatazama. Kutoka kwenye mierezi alitoka mdogo wake. Kofia hana. Koti limechanika. Macho yamemtoka pima. Alikuwa akiruka magogo kwa miguu miwili pamoja, kwa namna ambayo binadamu haruki.

"Aili, shusha."

"Pembe zake, baba. Tazama pembe zake."

"Shusha! Ni baba yako mdogo!"

Hakusikia. Jicho lake halikuwa kwenye darubini ya bunduki. Alikuwa ameinua kichwa, anatazama kwa macho yote mawili, wazi kabisa, kama alivyofundishwa. Na kidole kilikuwa kinavuta.

Reino alirukia mtutu akausukuma juu. Mlio ukapasua masikio. Risasi ikaenda kwenye vilele, kitako cha bunduki kikamgonga mtoto mdomoni, damu ikaruka. Onni akasita. Akamtazama kaka yake usoni. Hakumjua. Akageuka, akatimua mbio kushoto.

Kushoto alikuwa Kalle.

"Kalle! Usipige! Kalle!"

Mlio mmoja.

Wa pili.

Reino alikimbia. Alianguka, akainuka, akakimbia tena. Alipofika, ingawa hazikupita dakika nyingi, Kalle alikuwa amepiga magoti kwenye theluji, mikono ya shati ameikunja, nyekundu hadi viwikoni. Mvuke ulikuwa unapanda. Uso wake umejaa furaha.

"Shemeji, umeliona dume hili?" alisema. "Maishani mwangu sijapata kama hili. Shika hapa, nivute maini."

Alikuwa amefungua vifungo vya koti la chungwa kimoja kimoja, vizuri, kisha akamfungua Onni kuanzia chini ya kitovu hadi kifuani, mkato mmoja ulionyooka. Macho ya Onni yalikuwa yanatazama juu, na theluji ilikuwa inayaangukia. Mguu wa kulia haukuwepo. Ulikuwa umetenganishwa kwenye nyonga, kwa ufundi.

"Mguu," Reino alisema. "Mguu uko wapi, Kalle?"

"Yule mzee amepita. Anasema ametuswagia mara mbili na hajaona fungu." Kalle alifuta kisu kwenye paja. "Safari hii nimempa."

Mburuzo wa damu ulikuwa unaelekea kwenye mierezi. Pembeni yake hapakuwa na unyayo wowote.

Reino alianguka kwa mikono, akatapika. Kwa hiyo hakumwona Aili akifika, mdomo umepasuka, amesimama karibu na mjomba wake. Alipoinua kichwa Kalle alishachovya kidole gumba ndani ya kile kifua, na alikuwa anampaka mtoto kwenye paji la uso, mstari mmoja, kama wanavyopakwa wote katika uwindaji wao wa kwanza.

"Hongera, mwanangu. Sasa na wewe ni mwindaji."

Aili alitabasamu.

Reino alimpiga Kalle ngumi ya taya kwa nguvu zake zote. Kalle akaanguka chali, akaketi, akajishika shavu. Akaitazama mikono yake. Akatazama kilicholala mbele yake. Hapo ndipo alipoanza kupiga mayowe, na mayowe yale yalisikika hadi barabara kuu. Wanasema huko hospitali alikolazwa bado wanamfunga mikono, asijikate vidole.

Polisi waliandika ajali ya risasi, na ya kisu wakaandika wazimu. Waliutafuta mguu kwa mbwa, mbwa wakafika kwenye mierezi ya kwanza wakalala chini, wakakojoa. Sirkka alimsugua binti yake uso kwa sabuni na maji ya moto ndani ya sauna, bafu lao la mvuke, huku analia, mpaka ngozi ikawa nyekundu. Aili hakulia. Alikula vizuri, alilala vizuri, na kila mtu alisema ni mshtuko, utapita.

Siku ya mazishi kanisa lilijaa. Jeneza liliachwa wazi, na familia ikapita kuaga. Reino alimshika Aili mkono. Onni alikuwa amevalishwa suti yake ya harusi, nywele zimechanwa, mikono imekunjwa juu ya kifua. Aili alimtazama kwa muda mrefu.

"Baba," alinong'ona, "mbona wamemvalisha kulungu suti?"

Reino aliubana mkono wake. Akamvuta taratibu wageuke, warudi kwenye benchi lao, watu wasisikie. Wakageuka. Mbele yao walikaa majirani wote, vikongwe, watoto wachanga mapajani, na Sirkka benchi la mbele na leso yake. Aili alisimama. Aliwatazama safu kwa safu, hana haraka, macho yote mawili wazi.

"Wako wengi," alinong'ona.

Mkono wake ulikuwa bado ndani ya kiganja cha baba yake, mdogo, wa moto. Reino alikihisi kidole chake cha shahada. Kilikuwa kinavuta, kinaachia, kinavuta.