Macho Huwekwa Mwisho

Fundi cherehani alifunga kazi saa kumi na moja jioni, akatia picha ya mama yake kwenye pochi, akashika njia ya uwanja wa kale. Mama alikuwa na mwezi wa pili kitandani, anazidi kudhoofika, na fundi alitaka sura yake ibaki ukutani. Kwa kuchorwa, watu wote walikwenda pale, mbele ya nyumba ya yule mchoraji mkuu aliyekufa zamani, sifa zake zikakataa kufa.

Alikuta wachoraji wanakunja viti.

"Mlete mwenyewe kesho," mmoja alimwambia, hata picha hakuipokea. "Hapa macho huwekwa mwisho, na mwenye macho awe amekaa mbele ya mchoraji. Ndivyo alivyotuachia marehemu."

"Mama hawezi hata kukaa, kaka yangu."

"Basi mwache alivyo, dada."

Yalimchoma maneno hayo. Marehemu gani huyo wa kuwapangia watu mama zao? Mguu mmoja ulitaka kwenda, mwingine ukagoma. Alizunguka uwanja mara mbili, watu wakipungua.

Kisha akasikia mkaa ukikwaruza karatasi.

Kwaru... kwaru...

Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi za ile nyumba. Alinuka rangi mbichi na ukuta wenye unyevu. Alinyoosha mkono tu, akapewa picha, akaanza. Fundi aliona mashavu ya mama yakitokea, kisha lile kovu la kidevuni. Kwenye picha kovu halikuonekana.

"Macho," mzee alinong'ona. "Niyaweke?"

Haraka haraka haina baraka. Fundi mwenyewe huwaambia hivyo wateja kila siku, lakini sasa hakungoja.

"Weka, baba."

Mkaa uligusa karatasi mara mbili.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, analia.

"Dada, mama haoni. Ghafla tu... Lakini anasema anakuona wewe. Uko uwanjani, umevaa kilemba cha kijani."

Kilemba hicho alikishona dukani mchana uleule. Nyumbani hakuna aliyekiona.

Alipoinua kichwa, ngazi zilikuwa tupu. Mchoro ulikuwa mikononi mwake.

Tangu siku hiyo mama huona kile tu ambacho mchoro unakiona. Daktari wa macho alibaki kutikisa kichwa. Wachoraji nao walisema kwenye ngazi zile hakai mtu, wakawa wanamkwepa. Kuuchoma anaogopa, yakiungua yale macho, ndiyo basi. Kwa hiyo amehamishia cherehani nyumbani na kuutundika mchoro mbele yake, ili mama akiwa chumba cha pili amwone mwanawe akishona. Anajilaumu, ndiyo, lakini mama akimtania kwamba mshono umepinda, hucheka wote wawili.

Jana jioni alikuwa anapinda pindo la gauni. Mama akaita polepole nyuma ya pazia.

"Mwanangu, mgeni mbona humkaribishi?"

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo mzee. Amekaa nyuma yako, anakuchora."

Cherehani ilinyamaza. Chumba kilinuka rangi mbichi.

Kwaru... kwaru...

Kisha kimya.

"Usigeuke, mwanangu," mama alinong'ona. "Amemaliza vyote. Amebakiza macho."