Nani Anakaa Ndani ya Kichuguu?

Gauthier ni fundi wa kuchomelea vyuma katika komini ya Kenya, mtaa mmoja wa jiji la Lubumbashi. Anatengeneza milango na madirisha. Jioni anafunga karakana, ananawa mikono, kisha anakula bukari, yaani ugali, na dada yake Wivine na binti yake Plamedie.

Plamedie ana miaka mitano. Kila jioni anakata kipande cha bukari yake, anakiweka kwenye sahani na kukifunika. Anamwekea mama yake.

Lakini mama yake alikufa. Aliugua, akapelekwa hospitali, hakurudi. Siku ya mazishi Wivine alimpeleka mtoto kwa majirani. "Mama alienda ku Kilwa kuona kambo yako," alimwambia. Bibi yake Plamedie anakaa huko Kilwa, si ile ya pwani bali ya kando ya ziwa.

Wivine hakuwa na roho mbaya. Sisi watu wazima ndivyo tulivyo. Jambo likitushinda kusema, tunadai tunamhurumia mtoto, kumbe tunajihurumia wenyewe.

Plamedie akaanza kunyamaza. Akakonda. Akaanza tena kukojoa kitandani. Gauthier alimnunulia mwanasesere, akampa na simu achezee. Haikusaidia kitu. Akaenda kwa jirani yake, Mama Mounira, mwalimu wa watoto wadogo.

"Nilishazika mama yake," alisema. "Sasa na mutoto ananiponyoka."

"Unasemaka naye?"

"Minamuuliza, uko na nini? Hajibu."

"Mutoto mudogo hawezi kujibu vile, Papa Plamedie. Hata siye bakubwa inatushinda. Utoke naye kwa miguu, polepole. Simu ibakie ku nyumba. Mukiona kintu mu njia, mukitungie hadisi. Umuulize, nani anakaa mule? Akisema, usimukosoe. Uulize tu, na kisha?"

"Mi sijue hadisi."

"Yeye anajua. Kile kinamulemea ku roho, atamubebesha muntu wa mu hadisi. Na siku atasema juu ya mama yake, umuambie kweli. Usiseme alisafiri. Usiseme analala."

Gauthier aliinamisha kichwa.

Jioni iliyofuata alimshika mtoto mkono, wakatoka. Nyuma ya nyumba za mwisho kuna kichuguu chekundu, kirefu kuliko nyumba. Watu wamekichimba upande mmoja ili kufyatua matofali. Gauthier aliona haya. Mtu mzima na ndevu zake, anaongea na kichuguu!

"Nani anakaa mule?" aliuliza.

Plamedie alikwaruza udongo kwa kidole.

"Mi minasema anakaa soldat, askari mukubwa..."

"Hapana. Anakaa mutoto wa inswa."

Inswa ni wale wadudu wenye mabawa wanaoruka mvua ikianza, nao ni watamu wakikaangwa.

"Na kisha?"

"Anakaa tu."

Siku hiyo iliishia hapo. Lakini walirudi kila jioni. Mtoto wa inswa akapata kitanda. Akapata mbabula ya kupikia, na makaa yake. Gauthier aliuliza tu, na kisha? Jioni moja Plamedie alijibu bila kumtazama.

"Mama yake aliruka. Alienda ku Kilwa."

Gauthier aliuliza tu, "Na kisha?"

"Harudie. Mutoto alipasula sahani ya mama. Mama alikasirika, njo maana akaenda. Mutoto anamuwekea bukari, lakini harudie."

Gauthier akaikumbuka sahani ya bluu. Ilivunjika wiki ile mkewe alipougua. Kumbe mtoto alikuwa amebeba mzigo huo peke yake siku zote. Akachuchumaa mbele yake.

"Plamedie, haiko juu ya sahani, haiko sababu yako. Mama hakukasirika. Hakuenda ku Kilwa. Alikuwa mugonjwa sana. Banganga ba hospitali balijaribu, ikashindikana. Mama alikufa."

"Hatarudia?"

"Hatarudia. Na mi minamulilia."

Plamedie alilia kwa sauti. Baba yake alilia naye, wafyatua matofali wakipita, wala hakuona haya.

Jumapili walikwenda makaburini wote watatu. Wivine alipiga magoti mbele ya mtoto. "Nilikudanganya, mwana. Nilishindwa kusema. Unisamehe."

Huzuni haikuisha kwa siku moja. Mara nyingi Plamedie aliuliza tena, "Haiko juu ya sahani?" Kila mara Gauthier alimjibu, "Haiko juu ya sahani." Asubuhi kitanda kikaanza kukutwa kikavu. Mtoto akaanza kunenepa, akaanza kuwatania watoto wa jirani.

Jioni moja alikula bukari yake yote. Hakufunika sahani. Akamletea baba yake viatu.

"Twende. Mutoto wa inswa na baba yake banatungoja."

"Kumbe iko na baba?" Gauthier aliuliza.

"Iko naye," Plamedie akasema. "Alikuwa ku kazi."