Hilali Tatu Ndani ya Karatasi

Njia ya mwongo ni ndefu. Najua, tulifundishwa kwamba ni fupi, lakini waliotufundisha hawakumjua Hakham Shaul Tawil, mwalimu wa dini wa Kiyahudi kutoka Halab ya Shamu, mcha Mungu aliyetunga uongo mmoja mzuri mno, akaupandisha mgongoni mwa punda hadi Yerusalemu. Uongo ule ulitembea miaka mia mbili na hamsini bila kujikwaa, mpaka ulipokutana na binti wa raba nyekundu.

Binti mwenyewe, Renana Asulin, hakuwa na habari. Ijumaa ile ya baridi alikuwa soko la Mahane Yehuda, Yerusalemu, amebanwa katikati ya watu, sketi ya jinzi imelowa mpaka magotini, mkono umenyooka juu ya mikate miwili ya ufuta, ya mwisho dukani. Mkono mwingine, wa kiume, ulifika pale pale.

"Dada, mimi nilikuwa mbele yako."

"Mbele yangu kulikuwa na bibi mwenye kitoroli. Wewe ndiye yule bibi?"

Muuza mikate akacheka. Kijana naye akacheka, akashusha mkono. Alikuwa mrefu, ndevu fupi, kofia ndogo ya kufuma imekaa upande, koti la sufi lililokatwa vizuri ila kifungo kimoja kimening'inia kwa uzi.

"Tugawane basi," akasema. "Mmoja wako, mmoja wangu."

"Umewahi kuona Sabato ya mkate mmoja? Chukua yote. Mimi nitamwomba jirani."

"Nitakulipa Jumapili."

"Kwa mikate?"

"Kwa chai. Jina langu Elyashiv. Elyashiv Tawil."

Alimsindikiza hadi kituo cha treni, mwavuli ameunyoosha kwa urefu wa mkono wake wote ili umfunike yeye, asije akamgusa mwanamke asiye mkewe. Mvua ikamnyeshea mwenyewe begani. Renana akaona, moyo ukacheza.

"Unafanya kazi gani?" Elyashiv akauliza.

"Naandika tasnifu ya uzamivu. Kabala. Elimu ya siri na historia yake."

"Unaisali au unaichambua?"

"Naichambua."

"Pole."

"Pole ya nini?"

"Ni sawa na kusoma kitabu cha mapishi huku una njaa."

"Na nyinyi mnakula bila kuuliza nani kapika."

Elyashiv alisimama katikati ya reli akicheka. "Majuma haya ya baridi kwetu watu hufunga maneno, siku nzima bila kutamka neno. Wewe ungefunga, ungekufa kabla ya adhuhuri!"

"Mfungo wa maneno ni sura yangu ya tatu, bwana mkubwa. Usinifundishe."

Chai ya Jumapili ilizaa chai ya Jumanne. Simu zikaanza. "Umekula, nuru yangu?" "Nimekula." "Nini?" "Biskuti." "Hicho si chakula, hayo ni makombo yenye cheo." Mwaka ukazunguka hivyo, na baridi nyingine ilipoingia, Elyashiv akamfanyia jambo ambalo ukoo wake haukuwahi kumfanyia mgeni: akamwombea ruhusa kwa baba yake, Hakham Rahamim, ausome mswada wa Lango la Umande.

Mswada huo ndio uliokuwa fahari ya akina Tawil. Chuo chao kidogo cha dua, mtaa wa Nahlaot, kilisimama juu yake. Walisema uliandikwa na mwanachuoni wa Hispania miaka mia saba na zaidi iliyopita, na Hakham Shaul aliukuta umefichwa ukutani huko Halab. Kila mwaka, jioni ya kumbukumbu ya kifo chake, watu walijaa ngazini kuusikia ukisomwa.

Renana aliusoma, na kwenye ukurasa wa kumi na moja akakwama. Mwandishi alieleza jinsi Mungu alivyojikunja kuupa ulimwengu nafasi, na vyombo vya nuru vilivyopasuka. Yalikuwa mafundisho ya Safed, mji wa Galilaya, na yule Mhispania alikuwa amelala kaburini miaka mia tatu kabla hayajafundishwa. Akainua karatasi dirishani. Mwanga ukapita, na ndani yake zikajitokeza hilali tatu, kubwa, ya kati, na ndogo, alama ya karatasi iliyotengenezwa Italia kwa ajili ya masoko ya Waturuki enzi za Hakham Shaul mwenyewe. Mwandiko ulikuwa wa Halab. Hakuna aliyeukuta ukutani. Hakham Shaul aliuandika yeye.

Mhadhara wa Renana chuo kikuu juu ya mswada huo ulikuwa umeshatangazwa, Jumatano. Jioni ya kumbukumbu ilikuwa kesho yake, Alhamisi, naye alikuwa amealikwa, kwa mara ya kwanza, akae na wanawake wa nyumba. Kila mtu alijua maana ya mwaliko ule. Akisema alichokiona, atampoteza Elyashiv. Akinyamaza, ataolewa akiwa mwongo wa pili wa ukoo.

Siku tatu alizunguka nacho kifuani. Chakula hakipiti. Akisikia simu anashtuka, isipolia anashtuka zaidi. Jumatatu asubuhi akaona heri amwambie mwenyewe kabla hajayasikia barabarani. Akapiga.

Simu ikapokelewa. Hakuna "nuru yangu". Hakuna neno.

"Elyashiv? Unanisikia?"

Pumzi. Birika likilia kwa mbali.

"Nina jambo, mpenzi, nakuomba usinikatize." Hakukatizwa. Akamwaga yote, Safed, hilali, mwandiko, mhadhara. "Sema basi. Nitukane, ila sema."

Pumzi.

"Ningekuambia mapema, niliogopa. Unaelewa kuogopa? Elyashiv!"

Pumzi ikawa nzito, kama ya mtu aliyebeba kitu. Lakini neno halikuja.

"Kumbe ndivyo," Renana akasema, sauti imepasuka. "Mwaka mzima unanichekea, leo sistahili hata kutukanwa. Sikiliza basi, mwana wa mahakham. Kaeni na uongo wenu! Uvisheni mahameli, muubusu, mlale nao!"

Akakata. Akaizima simu, akaitia kwenye droo ya soksi, akalia mpaka mwenzake wa nyumba akagonga ukuta.

Jumatano alivaa gauni jeusi la mikono mirefu na hereni za fedha za bibi yake, kama mtu anayekwenda mazishini lakini hataki waombolezaji wamdharau. Ukumbi wa chuo kikuu, kule kilimani, ulijaa. Alipoinua macho, safu ya nyuma alikuwa Elyashiv, koti lile lile, kifungo kile kile bado kinaning'inia. Kando yake, ndevu nyeupe zimetulia juu ya fimbo, Hakham Rahamim.

Akasema. Safed, hilali, mwandiko, hakuacha kitu. "Hakham Shaul hakutaka sifa," alimalizia. "Angetaka sifa angeweka jina lake. Alichukua kitabu bora alichowahi kuandika akampa marehemu, kwa sababu aliamini neno lina uzito kuliko msemaji. Sijui mwanachuoni mwingine katika ukumbi huu, mimi nikiwamo, anayeweza kufanya hivyo. Lakini alikiandika yeye."

Maprofesa wakauliza ya kiprofesa. Kisha mkono ukanyooshwa safu ya nyuma.

"Swali langu ni la sura yako ya tatu," akasema Elyashiv, amesimama, masikio mekundu. "Mtu amefunga maneno tangu alfajiri mpaka nyota zitoke. Katikati ya mchana anapigiwa simu na mwanamke anayempenda. Afanye nini?"

Renana alishika meza.

Majuma ya baridi. Jumatatu. Mfungo wa maneno. Ameandika kurasa arobaini juu yake, akamtukana mtu aliyekuwa ndani yake!

"Asi... asipokee," akababaika.

"Aliona jina lako akashindwa. Aliapa kufunga mdomo, hakuapa kufunga masikio." Watu wakaanza kugeuka kuwatazama. "Na nyota zilipotoka akapiga, akapiga, akapiga. Simu imezimwa. Akaja mlangoni, mwenzako akasema umekataa kuona mtu. Sasa yule mwanamke naye alikuwa amefunga nini?"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Profesa mzee wa safu ya mbele alifuta machozi kwa tai yake. Hakham Rahamim peke yake hakucheka. Aliinuka, fimbo ikagonga sakafu, akatoka.

Nje mvua ilikuwa inapiga kwa mshazari. Elyashiv akafungua mwavuli, akaunyoosha kwa urefu wa mkono wake wote.

"Unalowa, mjinga wewe," Renana akasema.

"Nimezoea tangu mikate."

"Kweli siku ile ulikuwa unawaza nini, na ile pumzi yako nzito?"

"Nilikuwa najizuia nisiseme kwamba tangu utoto nimejiuliza Mhispania kajuaje vyombo vilivyopasuka. Nilimuuliza mwalimu, akanizaba kofi." Akameza mate. "Na nilikuwa nimefunga kwa ajili ya jambo. Nataka unioe. Yaani, nikuoe. Tuoane, kwa kifupi!"

"Mfungo umekuharibia ulimi."

"Jibu, Renana. Nakufa."

"Ndiyo." Akavuta pua. "Ila baba yako?"

"Kesho tutapanda ngazi pamoja."

Alhamisi, nyota zilipotoka, walipanda ngazi za Nahlaot kupita katikati ya watu walioacha kuzungumza walipowaona. Renana alibeba sinia la maamul, keki ndogo za tende alizozipika mwenyewe, mbili zikiwa zimeungua. Mlango ukafunguliwa, Hakham Rahamim akasimama akiuziba wote. Nyuma yake mishumaa, harufu ya wali na mdalasini, mswada juu ya mahameli, na upande wa wanawake kiti kimoja kitupu kilichowekewa mto.

"Baba," Elyashiv akaanza.

"Wewe nyamaza, kufunga unakuweza." Mzee akamtazama Renana. "Umemvua babu yangu joho mbele ya watu."

"Nimempa kitabu chake, Hakham."

"Rahamim, mlango!" sauti ya mama ikaita kutoka jikoni. "Baridi inaingia! Na huyo mtoto hajala!"

Mzee hakusogea. Macho yake yalikuwa mekundu, kama ya mtu aliyekesha akisoma kitabu cha zamani kwa mara ya kwanza. "Neno moja tu, binti yangu. Sema samahani, watu wasikie, uingie ukae. Umekuja kuomba radhi?"

Elyashiv alikuwa mweupe kama shati lake. Renana akalikaza sinia mikononi.

"Nimekuja kula, Hakham, na aliyepika namjua. Radhi siombi."